Sufuri ya Ombati

Nilitoka nyumbani asubuhi moja bila kujua naelekea wapi. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa mjini Kisii, karibu na msikiti, naye alitaka nisimame nyuma ya meza yake nipime kanga na suruali za shule mpaka nizeeke. Shule nilikuwa nimeiacha nikiwa darasa la saba. Sikufukuzwa wala sikukosa karo. Niliuliza maswali ambayo mwalimu hakuyapenda, na mwenye fimbo alikuwa yeye. Duka nalo lilinichosha upesi kuliko shule. Siku hiyo nilimwambia mama naenda kununua sukari, nikapanda nyuma ya lori tupu lililokuwa likirudi Ogembo kuchukua ndizi. Sukari ile sijainunua hadi leo.

Karibu na Ogembo lori lilipunguza mwendo kufika mtoni, nami nikaruka chini kwa sababu ya sauti. Ilikuwa sauti ya chuma kikianguka juu ya chuma, kisha kimya, kisha chuma tena, kwa mpigo usiobadilika. Niliifuata hadi ukingoni mwa mto Gucha. Hapo nilikuta wanaume wachache chini ya vyuma vitatu virefu vilivyofungwa pamoja juu, kamba nene ikipita kwenye kapi, na mwisho wa kamba nyundo nzito kuliko mfuko wa saruji. Waliivuta juu, wakaiachia. Mzee mfupi mwenye kofia ya sufu alisimama kando akihesabu kwa Ekegusii.

Niliuliza wanapiga nini. Waliendelea kuvuta. Nikauliza kwa nini wanahesabu, na kama wangehesabu ikiwa hakuna mtu wa kusikia. Yule mzee akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Wewe mtoto wa mjini, hapa hakuna kazi ya kuangalia," alisema. "Shika kamba ama uende."

Nikashika kamba. Mahojiano yangu ya kazi yalikuwa hayo tu, na siku yangu ya kwanza kazini ilianza hapo hapo. Kufika jioni viganja vyangu vilikuwa vimechubuka, na mzee yule, aliyekuwa Msimamizi wa Uchimbaji na jina lake Ombati, alikuwa ameshanibatiza. Aliniita Maswali. Jina hilo nilikaa nalo mpaka nikastaafu. Halikuniumiza, kwa sababu lilikuwa la kweli. Jina alilopewa yeye baadaye halikuwa la kweli, na ndilo lililoharibu kila kitu. Kwa ajili yake ninaandika.

Lakini kwanza niwaeleze kazi yenyewe ninyi vijana, maana siku hizi mtambo hujivuta na kujihesabia wenyewe, na anayeuendesha anaweza kuwa anatazama simu. Wakati wetu tulichimba shimo jembamba kwa mikono, tukalizuia lisibomoke kwa bomba la chuma tuliloliita kesingi. Ndani yake tulishusha vyuma virefu vilivyounganishwa, na kwenye ncha ya chini kulikuwa na bomba fupi lililopasuliwa kwa urefu, ambalo kazini liliitwa kijiko kwa sababu lilitupakulia udongo wa chini. Kisha nyundo. Idadi ya mapigo ya kukizamisha kijiko kwa futi moja ndiyo habari yote iliyotafutwa. Mapigo mengi, udongo umeshikana. Mapigo machache, udongo umelegea. Ikiwa vyuma vinazama kwa uzito wao kabla hujainua nyundo, hiyo ni sufuri, na mwenye kutaka kujenga hapo akafikirie tena.

Udongo mwekundu wa vilima vyetu niliuelewa mapema. Una gundi ndani yake, ukiukanda unakaa ulivyoukanda. Mchanga ndio ulionikosesha usingizi. Mchanga hauna gundi. Nguvu yake yote ni punje kugusana na kusuguana, na kadiri unavyoubana ndivyo punje zinavyong'ang'aniana. Kwa hiyo mchanga mmoja unaweza kubeba daraja na mwingine, wenye rangi ile ile, ukashindwa kubeba ng'ombe. Nilimuuliza Ombati inawezekanaje.

"Mama akikupimia mahindi sokoni bila kugonga gorogoro, amekuonea ama hajakuonea?" aliniuliza.

Nikasema amenionea, maana ile mikebe ikigongwa mahindi hushuka na nafasi ya mengine hupatikana.

"Basi mchanga pia iko hivyo. Kuna ile imegongwa na ile haijagongwa. Sisi kazi yetu ni kujua mto ulipima namna gani."

Alinipeleka ukingoni, akaniambia nikanyage mchanga mbichi uliokuwa ukimetameta. Nilipokanyaga, ulikauka ghafla kuzunguka mguu wangu, ukawa mweupe. Akasema huo umegongwa. Kwa nini ukauke alikuwa hajui, na hakuona haya kusema hajui. Ilinichukua miaka kuelewa. Punje zilizobanana haziwezi kusogea bila kupandiana, na zikipandiana nafasi kati yake huongezeka, maji yakanyonywa kwenda chini kuijaza. Mchanga uliolegea hufanya kinyume. Nitafika huko.

Pale Ogembo ndipo Ombati alipopata jina. Shimo linalochimbwa chini ya maji ya ardhini lina sheria moja: maji ndani ya kesingi yasishuke chini ya maji yaliyo nje. Yakishuka, maji ya nje hukimbilia ndani kupitia chini, yanabeba mchanga, na hapo nyundo yako haipimi tena ardhi, inapima uji ulioupika mwenyewe. Ombati aliijua sheria hiyo vizuri. Lakini siku moja mjomba wake alikuwa akizikwa kwao Birongo, na huku kwetu mtu hakosi mazishi ya mjomba. Pampu ilikuwa imeharibika, maji yalichotwa kwa mitungi, naye alivuta vyuma kwa haraka ili amalize aondoke. Maji yakashuka. Vyuma vikazama vyenyewe. Akaandikisha sufuri, akaenda kuzika.

Wiki chache baadaye shimo la msingi wa nguzo ya daraja likachimbwa mahali pale pale, na mchanga ukakutwa mgumu hata wachimbaji wakaomba vyuma vizito zaidi. Mhandisi Mkaazi, yaani yule anayekaa kwenye mradi kumwakilisha mwenye kazi, alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwenye buti zilizopakwa rangi kila asubuhi. Hakumfokea Ombati. Afadhali angefoka.

"Msimamizi," alisema mbele ya kikosi chote, "sufuri yako imenivunjia sururu mbili."

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa Mokaya, dereva wa rola, mtambo ule wa gurudumu la chuma unaoshindilia barabara. Mokaya alikuwa rafiki yangu. Tulikodi pamoja chumba nyuma ya duka la mbolea pale Ogembo, na katika maisha yangu sijakutana na mtu aliyejua kuchekesha kama yeye. Kesho yake asubuhi alimsalimia Ombati kutoka juu ya rola, kofia mkononi kama mtu aliye kanisani: "Bwakire, Sufuri."

Jina likashika. Meneja wa Mradi alilitumia. Wapishi walilitumia. Ukiuliza habari za Ombati ofisini watu walifikiri kidogo, kisha wakasema, "Ah, Sufuri." Mimi sikumwita hivyo hata siku moja, lakini sikumkataza mtu pia, na sidhani wangenisikia.

Baada ya Ogembo nilipelekwa maabara mjini Kisii chini ya Fundi Mkuu wa Maabara, mtu aliyezungumza na machekeche yake zaidi kuliko na watu. Kazi yangu ilikuwa kukausha mchanga juu ya jiko na kuupitisha kwenye machekeche yaliyopangwa moja juu ya lingine, matundu yakipungua kuelekea chini, ili ijulikane punje za ukubwa gani ziko kiasi gani. Mchanga wa punje zinazolingana ndio aliouogopa. Alisema punje za ukubwa mbalimbali hushikana kama watu wa nyumba moja, wadogo wakijaza nafasi za wakubwa, lakini zinazolingana huacha mapengo, na pengo hukaa maji. Baba yangu alikuja mara moja kuniona pale. Alitazama machekeche, akatazama mikono yangu, akauliza kama hii ndiyo sukari niliyoifuata. Akaondoka bila kunywa chai.

Sikuvumilia kukaa ndani. Niliomba kurudi kwa kikosi cha Ombati, nikamfuata vilimani Birongo tulikopima mahali pa matangi ya maji, kisha huku na huku, kila mahali penye msingi wa kuchimbwa. Miaka ilipita. Katika miaka hiyo sikumwona Ombati akiacha maji yashuke tena. Kabla ya kila pigo alimulika ndani ya kesingi kwa tochi. Aliweka mtu mmoja kazi yake ikawa kumimina maji tu. Namba zake zilithibitishwa kila zilipochimbuliwa, na hakuna aliyezitaja. Sufuri moja ya haraka ndiyo watu waliyoikumbuka.

Kisha tukatumwa bonde moja upande wa Kebirigo, ambako barabara nyembamba ilikuwa ipanuliwe na kuinuliwa ivuke kinamasi kwenye tuta jipya. Mhandisi Mkaazi alikuwa yule yule wa Ogembo, nywele zimekuwa nyeupe, buti zinang'aa vile vile. Mokaya naye alikuwapo na rola mpya, yenye mtetemo. Rola ya zamani ilibana kwa uzito tu. Hii, ukiwasha swichi, gurudumu lilitetemeka mpaka vikombe vya chai vikatembea mezani. Mokaya aliipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa.

Mgeni wetu alikuwa Mhandisi Msaidizi, binti wa Nyamira aliyetoka chuo karibuni. Alikuwa wa kwanza katika maisha yangu kufurahia maswali. Nilipomuuliza kwa nini mchanga uliolegea wenye maji unaogopwa kiasi hicho, hakunipa maneno. Alichukua karai, akamimina mchanga taratibu ndani ya maji bila kuubana, akapunguza maji mpaka yakalingana na mchanga, kisha akasimamisha jiwe juu. Jiwe likatulia.

"Umeona limesimama," alisema. "Sasa gonga karai, Mzee Maswali. Usitumie nguvu."

Niligonga kwa kiganja. Mchanga ukang'aa, ukalainika, na jiwe likazama kama lililotupwa kwenye uji. Nikagonga tena karai baada ya muda, na mchanga ulikuwa umekaza, jiwe liko ndani yake, halitoki.

Akanifafanulia. Punje zilizolegea zikitikiswa zinataka kushuka zikaribiane, kama mahindi kwenye gorogoro. Lakini nafasi kati yake imejaa maji, na maji hayana muda wa kutoka. Kwa hiyo uzito wote uliokuwa ukibebwa na punje kugusana unaangukia maji. Punje zinaachana. Mchanga ambao nguvu yake yote ilikuwa kugusana hauna tena nguvu yoyote, na kwa dakika chache ardhi inakuwa kitu kinachomiminika. Watu hudhani jambo hilo linahitaji tetemeko kubwa la ardhi. Mtetemo wa mtambo unatosha, alisema, ikiwa mchanga umelegea vya kutosha na maji yapo. Ombati alikuwa amesimama nyuma yetu. Niliona akilitazama lile karai muda mrefu.

Shimo la kwanza tulilichimba katikati ya bonde. Chini ya tope jeusi tulikuta mchanga wa kijivu, laini, wa punje zinazolingana, ule aliouogopa Fundi wa maabara. Kesingi ilijaa maji mpaka mdomoni, mtu angeweza kunawa uso humo. Tuliposhusha vyuma, vilikwenda. Nyundo ilikuwa bado imelala chini. Ombati aliinua mkono kusimamisha kazi, akamulika ndani, akaonja maji ya kesingi kwa kidole kama vile yangeweza kumwambia kitu. Akaagiza tushushe tena. Vikazama tena.

Nilijua anachofikiria. Ardhi ilikuwa imempa neno lile lile ambalo angetoa chochote asilitamke tena.

Alilipeleka. Mhandisi Mkaazi alimsikiliza, akacheka kwa upole, akamwambia arudie hatua chache upande wa pili, na safari hii asiwe na mazishi. Sisemi alikosea kuagiza turudie. Mtu mwenye akili hurudia. Shimo la pili likachimbwa, na pale kina kile kile nyundo iliruka. Tulipiga mpaka mikono ikafa ganzi, na kijiko hakikushuka.

Mashimo mawili yaliyo karibu, majibu mawili. Jioni hiyo watu wote walikuwa kwenye kontena la ofisi wakingoja mvua ipungue, wahandisi, madereva na sisi. Mhandisi Msaidizi alisema lazima tuchimbe la tatu. Mhandisi Mkaazi alijibu kwamba mvua zimeanza na tuta linangojwa, kisha akageuka.

"Tumuulize mwenyewe," alisema, akitabasamu. "Msimamizi, wewe unaamini lipi? Ile sufuri yako, ama hili la pili?"

Kicheko kilipita kontena zima. Mokaya, aliyekuwa ameketi juu ya debe la rangi, alisema, "Sufuri, usituangushe leo." Alisema kwa mapenzi, namna ndugu anavyomtania ndugu. Ombati alitazama kofia yake mikononi. Nilimtazama nikimwombea moyoni aseme.

"La pili," alisema.

Watu wakampigia makofi. Mokaya alimpa mkono. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, Mhandisi Mkaazi alimwita Mzee Ombati.

Tulipokuwa tukiosha vyuma nilimuuliza kwa nini. Nilimwambia maji yalijaa, niliyaona, wote tuliyaona. Alijibu akiendelea kusugua kijiko. Aliniambia binti yake anaolewa, na kwamba wakwe walikuja nyumbani Birongo kuzungumza mahari. Ninyi mliokulia huku mnaijua ile heshima ya wakwe, tunayoiita ensoni, jinsi mtu anavyojichunga asivuliwe nguo mbele yao hata kwa neno. Mmoja wao alikuwa dereva kwenye miradi ya barabara, na jina alikuwa amelisikia huko.

"Waliniita Sufuri, Maswali," alisema. "Chakula iko mezani, bibi yangu amesimama pale. Wakacheka. Mimi nimechoka kuwa sufuri."

Nilichukua kijiko mkononi mwake nikamalizia kukisugua.

Tuta likajengwa. Malori yalimwaga mchanga wa mto moja kwa moja ndani ya maji ya kinamasi, siku baada ya siku, na mchanga unaoshuka majini hulala bila kubanwa, kama pamba. Ulipotokeza juu ya maji ulionekana imara. Tulitembea juu yake. Malori yalipita juu yake. Ndivyo mchanga wa aina hiyo ulivyo, unabeba kwa subira kila uzito unaokuja polepole.

Asubuhi Mokaya alipopandisha rola juu ya tuta, jua lilikuwa limetoka na alikuwa akiimba. Alivuka mara ya kwanza bila mtetemo. Akageuka, akawasha swichi. Nilikuwa kando ya barabara ya zamani nikipakia vyuma. Nilichoona kwanza ni kung'aa: uso wa mchanga mbele ya rola uling'aa kama jasho la paji la uso, kama ule wa kwenye karai. Kisha vichemchemi vidogo vya maji na mchanga vikaibuka pembeni. Ombati alikuwa karibu nami. Alianza kukimbia kabla sijaelewa, akipunga kofia, akimwita Mokaya kwa jina la babake. Mokaya alimwona. Alimpungia mkono naye, kwa maana alidhani anasalimiwa.

Tuta lilifunguka pande zote mbili kama uji wa sufuria iliyopinduliwa. Rola ililala ubavu na kuingia kinamasini na Mokaya chini yake. Ombati aliingia topeni mpaka kifuani, tukamvuta kwa kamba ile ile ya nyundo. Tulipopata mtambo wa kuinua rola, hapakuwa tena na haja ya haraka. Mchanga nao ulikuwa umeshakaza. Ungeweza kusimama juu yake.

Katika mazishi ya Mokaya, bibi mmoja wa bonde lile alituambia, tena kama habari ya kawaida, kwamba pale tulipochimba shimo la pili palikuwa kivuko cha ng'ombe. Wazee wa boma la mumewe walipanga mawe pale ili mifugo isizame, na tope likayafunika baadaye. Nyundo yetu iliruka juu ya mawe ya watu waliojua kwamba bonde lile linazamisha. Ombati alisimama mbali, chini ya migomba. Mtu mmoja alimwita Sufuri kwa mazoea, akimpa kiti. Hakuna aliyecheka.

Uchunguzi ulifanyika. Mhandisi Mkaazi alieleza kwa utulivu, na kila neno alilosema lilikuwa la kweli, jambo ambalo bado linanikera kuliko kama angedanganya.

"Tulimuuliza Msimamizi mbele ya watu wote," alisema. "Alijibu mwenyewe."

Mhandisi Msaidizi alisimama akasema swali lile liliulizwa vipi, kwa kicheko gani. Waliomsikiliza walimtazama kama mtu anayelalamikia hali ya hewa. Kicheko hakipimwi. Muda si mrefu alihamia kazi nyingine mbali na huku. Ombati hakujitetea. Alirudisha kofia ngumu na buti, akaenda Birongo kulima, na hakushika tena kamba. Nilimtembelea mara nyingi. Tulizungumza juu ya chai na mvua. Mara moja tu alisema kwamba maji yalikuwa yamejaa. Nikamwambia najua. Alikufa akiwa shambani, na aliyesoma historia yake mazishini alisema alikuwa mkulima.

Mimi niliendelea kuvuta kamba, kisha mitambo ya kujivuta ikaja, nikawa wa kufuta matope kwenye mitambo. Siku ya kustaafu nilipewa soda na blanketi, na Meneja mpya, kijana mwenye adabu, aliuliza kama nina ushauri kwa wanaoanza. Nilisema msimpe mtu jina kwa kosa moja. Wakapiga makofi, wakafikiri nimetania.

Watu huniambia kazi ngumu ni udongo. Si kweli. Katika miaka yangu yote mchanga haujanidanganya. Kila mara ulisema ulichokuwa nacho, kwa anayetaka kusikia. Nimejifunza pia kwamba mtu yuko hivyo hivyo. Unaweza kumpakia mzigo taratibu mwaka hadi mwaka akabeba. Kinachomwangusha ni kutikisika kidogo mbele ya watu, kicheko cha kontena moja, na ghafla ndani yake hakuna kinachogusana na kingine.

Mwezi uliopita niliamka mjini Kisii katika nyumba ya mdogo wangu, duka la baba likiwa sasa lake, na nikaona siwezi kukaa hapo siku moja zaidi. Nilifunga blanketi, nikaondoka bila mpango kama zamani. Bonde lile nililipita kwa miguu bila kusimama. Alasiri nilifika Kebirigo. Wakati wa lile tuta tulilala kambini, sikuwahi kupajua. Sokoni nikaelekezwa kwa mwanamke mmoja, Mama Nyaboke, mwenye vyumba vya kupangisha na mashine ya posho.

Alinionyesha chumba kipya bondeni chini ya soko, ukuta mmoja na mashine. Sakafu ilikuwa na unyevu kwenye kona, na kila injini iliponguruma, maji membamba yenye mchanga yalitokeza kwenye ufa, yakarudi. Niliuliza hapa palikuwa na nini. Alisema palikuwa bwawa la samaki. Samaki walimshinda, akaleta mchanga wa mto akalijaza, akajenga.

Nikamwambia sitaki chumba hicho, wala asimweke mtu mwingine humo, na mashine ihamishwe juu kwenye udongo mwekundu kabla ya mvua. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na mahindi yao walisikiliza. Mmoja aliuliza kama mzee huyu ni nabii au fundi. Mwingine alisema labda anaogopa kelele, na kicheko kikapita foleni nzima. Nilikijua kicheko hicho.

Mama Nyaboke hakucheka. Alikuwa amekasirika, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na jasho lake.

"Mzee, wewe umefika hapa leo," alisema. "Una uhakika na hiyo maneno?"

"Nina uhakika."

Wakacheka tena. Nikangoja wamalize. Kisha nikamwomba karai, na mchanga, na maji, na jiwe.

Alinitazama, akamwita aliyekuwa kwenye injini azime. Kulipotulia alileta karai mwenyewe. Nilimimina mchanga taratibu majini, nikasimamisha jiwe, nikagonga kwa kiganja, bila nguvu, mbele ya foleni nzima, na jiwe likazama. Nikaumimina mchanga upya, na Mama Nyaboke akagonga naye, kwa mkono wake. Hakusema atahamisha mashine. Hakusema hatahamisha. Alifunga kile chumba kipya, akatia ufunguo mfukoni, akanipandisha kilimani hadi chumba kilicho nyuma ya jiko lake, chenye kitanda na dirisha dogo. Injini ilikuwa bado imezimwa. Nikatandika blanketi.